Wanawake Saba wa Shazia

Ukitaka kumkasirisha Chadia binti Karim, mwambie kushona gunia ni kazi ya mtu yeyote. Wapo waliothubutu, pale bandarini Kalundu, Uvira, na wote waliondoka wameinamisha kichwa. Kwanza atakuuliza wewe umeshona magunia mangapi. Ukisema hujashona hata moja, atakuambia basi nyamaza, kisha ataendelea na kazi yake kama vile hupo.

Boti kutoka Baraka au Kalemie ikifunga kamba, wabeba mizigo huteremka na magunia mgongoni, na katika kila mia hayakosi matatu manne yaliyotoboka. Unga unamwagika, maharage yanatawanyika, na kuku wa jirani wanaijua saa hiyo kuliko watu. Hapo ndipo Chadia anaitwa. Anakuja na shazia yake, ile sindano nene ndefu ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni aliouchomoa kwenye magunia ya zamani. Kabla ya kushona anaupapasa mpasuko kwa kidole gumba, taratibu, mpaka mwisho. Halafu anasema: limechanwa. Au anasema: limeoza. Ni neno moja tu, lakini watu husimama kulingoja. Likiwa limechanwa, kosa ni la mbebaji. Likiwa limeoza, mwenye mali ajilaumu mwenyewe aliyenunua gunia bovu. Wenye mali walilalamika, wabeba mizigo walinung'unika, ila hakuna aliyewahi kubishana na kile kidole, maana Chadia hakuwa wa huyu wala wa yule.

Kwao ni Waislamu wa zamani wa Uvira, wale ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa, wakajenga misikiti, wakaoa, wakabaki. Majina yamebaki pia. Biashara ndiyo haikubaki. Mumewe alikufa, sasa ni miaka tisa. Mwanawe wa pekee, Ibrahim, alishuka na ziwa mpaka Zambia kutafuta maisha, na kama ameyapata au hakuyapata, Mungu ndiye ajuaye. Anapiga simu Idi zote mbili na kumwuliza mama yake kama anakula vizuri. Mama anasema ndiyo. Mtoto anasema sawa mama. Hapo simu imekwisha, mpaka Idi nyingine.

Zamani washona magunia walikuwa saba. Walikaa chini kwa mstari, wameegemea ukuta wa hangari, lile ghala la zamani la bandari, kila mmoja na nafasi yake, na saruji pale walipokaa ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa. Walikuwa na desturi moja ambayo bandari nzima iliiheshimu. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Wanawake wa shazia walisema hayo ni maneno ya wanaume wanaogawana nyama. Kwao, mwenzao akisafiri, akijifungua, akifiwa, akikimbia vita, nafasi yake ukutani haikaliwi. Unaruka, unakaa kwako. Siku akirudi asije akaomba kusogezewa kama mgeni.

Basi wakaondoka, mmoja mmoja. Feza alichukuliwa na kipindupindu, akazikwa siku ileile. Fadhila alimfuata mumewe Kigoma. Mwaka ziwa lilipopanda likaingia majumbani, wawili walihamia Mutarule kulima, na tangu vita vya juzijuzi hakuna anayejua walipo. Mmoja alirudi kwao Kamanyola. Wa mwisho kuondoka alikuwa Umutesi, na huyo tutamfikia.

Nafasi ya Chadia ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa lango, penye jua. Alibaki hapohapo. Kushoto kwake ukuta mtupu, nafasi sita, na kivuli chote kiko huko. Wapita njia walimwuliza, mama, kwa nini usisogee kivulini? Akawa anajibu kwamba kule kuna watu. Wageni walidhani akili yake si nzuri. Wenyeji waliacha kuuliza.

Tuseme ukweli, alikuwa mpweke, na upweke wake haukuwa wa kuimbiwa. Ulikuwa wa mtu anayepika ugali, akakosea kipimo kwa mazoea, akautazama uliobaki bila kujua ampelekee nani. Nyumbani alikuwa na sufuria tatu, na mbili zilikuwa zimeshika vumbi. Bandarini angalau kulikuwa na kelele. Kumtoa bandarini ilikuwa kumtoa duniani, na hili yeye mwenyewe alilijua vizuri.

Halafu mradi ukaja. Uvira tumeona miradi mingi iliyokuja na bango na kuondoka ikaacha nguzo za bango. Huu, usidanganywe, ulikuwa na saruji ya kweli. Walitengeneza gati lililoliwa na maji, wakaweka paa jipya, bomba, vyoo, na ukuta wa kuzunguka bandari yote. Tena walisema hawajengi peke yao, wanajenga pamoja na raia, na kazi ya kuongea na raia alipewa kijana wa Bukavu anaitwa Frédéric. Kijana mpole, mwenye miwani, asiyekaa mpaka wazee wakae. Aliitisha mkutano, akasimama, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, watu wakampigia makofi.

Kisha akasoma kanuni. Lango jipya likianza kazi, mwanzo wa mwezi ujao, hakuna atakayeingia kufanya kazi bila kadi. Kadi haitolewi kwa mtu mmoja mmoja, inapitia shirika. Shirika ni watu saba kwenda juu. Na hakuna mtu kuandikwa kwenye mashirika mawili. Wabeba mizigo walikuwa na lao, zaidi ya mia. Wauza samaki walikuwa na lao. Hata wauza mandazi walikuwa wameshachagua rais na katibu.

Rais wa wabeba mizigo, Sylvestre, mtu mwenye shingo pana na roho nzuri, alimfuata Chadia pale ukutani.

"Mama Ibrahim, usisumbuke," alisema. "Minye nitakuandika kwetu. Tuko batu mia na kitu, nani atauliza?"

"Nikiwa mutu wenu, Président, gunia likichanwa nitasema nini?"

Sylvestre akacheka. "Utasema limeoza."

"Njo ile sitaki."

"Sasa asosiasioni yako iko wapi, mama?"

"Tuko saba," akasema Chadia.

Sylvestre aliutazama ukuta, nafasi hadi nafasi, kama anayehesabu. Hakutaka kumwumiza. Akasema sawa mama, ukibadili mawazo uniambie, akarudi kwa watu wake.

Chadia akaenda kwa Charlotte wa fotokopi, binti anayeandikia watu barua hapo nje ya lango, akamtajia majina. La kwanza lake. La pili Umutesi. Akaendelea mpaka la saba, na la Feza, marehemu, lilikuwamo. Charlotte aliuliza mara moja tu kama hawa wote wapo. Chadia akamjibu kwamba wapo, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Sasa wewe utasema amedanganya. Ngoja kwanza. Mtu wa Uvira, akiona karatasi yenye mistari ya majina, anajua moja. Ameandikishwa mara ngapi katika maisha yake, baada ya mafuriko, baada ya vita, kwa ajili ya unga, sabuni, chandarua? Kwenye listi huandiki aliyepo. Unaandika anayestahili. Mtoto aliyekimbilia msituni unamwandika, maana usipomwandika leo, akirudi kesho hana sahani. Chadia aliiona karatasi ya bandari ni yaleyale. Kama angeacha jina la mwenzake nje, ingekuwa amekalia nafasi yake ukutani. Kwa Feza alijua amekufa, alimwosha kwa mikono yake, lakini mkono ulikataa kuacha mstari wake. Hilo ndilo kosa lake, na lilitoka mahali pazuri.

Frédéric aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Mradi ulikuwa unatafuta mashirika ya wanawake kwa udi na uvumba, na hili hapa limejileta. Aliliandika juu kabisa ya orodha yake, akampa Chadia mkono, akamwita mama présidente. Siku hiyo Chadia alinunua dagaa wa kutosha watu wawili, akapika kwenye sufuria ya kati, akakaa mlangoni kwake akila na kusalimia kila anayepita.

Jumatatu iliyofuata karatasi nyingine ilibandikwa langoni. Alhamisi, kila mwanachama wa kila shirika afike mwenyewe, apigwe picha, aweke kidole kwenye mashine.

Chadia aliisoma mara mbili. Kisha alienda moja kwa moja kwa Frédéric, akamwambia ukweli wote, kwamba wenzake wako mbali, na mmoja yuko kaburini. Yule kijana alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Mama, ungeniambia mapema," alisema. "Sikiliza. Mukiya hata wawili, minye nitawatetea mbele ya komite ya mradi. Nitaandika wengine wako safarini, mnaanza upya na mtatafuta wa kuongeza. Lakini mtu mmoja, mama, hapana. Mtu mmoja si shirika, hata mimi nikitaka."

Kwa hiyo ilikuwa ni mmoja tu. Mtu mmoja wa kusimama kando yake Alhamisi, na angebaki ndani ya lango.

Alipiga simu Kigoma. Alipokea kijana asiyemjua, akasema bibi Fadhila ni mzima, ana wajukuu, amelala, nimwambie nani amepiga? Chadia akasema basi, mwache alale. Alipiga namba za Mutarule, zote mbili zikasema hazipatikani, na alijua zitasema hivyo. Yule wa Kamanyola alipokea, akafurahi mpaka akalia kidogo, lakini barabara, da Chadia, wanaifungua siku moja wanaifunga siku tatu, nikitoka leo sijui nitafika lini na nitarudi vipi.

Alimwacha Umutesi wa mwisho kwa makusudi, kama mtu anayekula mboga kwanza na kuacha nyama. Umutesi alikuwa mtu wa kule juu milimani, wa watu wanaofuga ng'ombe, mlokole wa kuimba. Alikuwa akikata uzi kwa meno huku wimbo haujakatika. Jumapili, Umutesi akiwa kanisani, Chadia alimshonea magunia yake. Ijumaa, Chadia akiwa msikitini, Umutesi alimshonea yake. Miaka kumi na moja walikwenda hivyo na hawakuwahi kulumbana nani ameshona zaidi. Mwaka ambao watu wa milimani walikuwa wanasimamishwa na kuulizwa maswali barabarani kwa ajili ya kabila lao, Umutesi alikaa chumbani kwa Chadia siku nne, asitoke hata uani. Siku ya tano alivuka mpaka na wajukuu wake, akaingia kambini kule Burundi. Kambi ile si mbali. Ukitoka asubuhi, jioni uko Uvira.

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Chadia akapiga.

"Da Chadia," Umutesi alisema kabla hajaambiwa ni nani. "Ni weye."

Chadia alimweleza yote haraka haraka, lango, kadi, Alhamisi, siku moja tu, nauli nitatafuta mimi, utalala kwangu.

"Umeandika jina langu?" Umutesi akauliza.

"La pili. Chini ya langu."

"Lote?"

"Lote. Na la baba."

"Da Chadia, unifute."

Chadia alidhani hakusikia vizuri. Akainuka, akaenda karibu na dirisha.

"Unifute," Umutesi akasema tena, kwa sauti ya chini. "Hapa banasema mutu mwenye iko na kadi ya kazi kwao, basi kwao kumepona, arudi. Sijui kama ni kweli. Minye sitajaribu. Niko na wajukuu bane kwenye karatasi moja, na ile karatasi njo inatukulisha. Kidole changu kiko hapa tayari. Nikikiweka na huko, banaweza kutufuta hapa bote."

"Ni kadi ya kuingia bandarini tu, Umutesi."

"Najua. Unifute, dada yangu, nakuomba."

"Nimekulindia nafasi miaka yote hii. Nakaa juani."

Umutesi alivuta pumzi. "Najua unailinda," alisema. "Kila siku najua. Ilikuwa inaniumiza kukuambia sitarudi."

Chadia alikata simu. Tangu wajuane hakuwahi kumkatia. Akakaa kitandani na ile simu mapajani, amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu hasira angalau ina mtu wa kuelekezewa.

Alhamisi alikwenda. Angekwenda wapi kwingine? Meza ilikuwa chini ya paa jipya, mashine ya vidole juu yake, na wabeba mizigo walikuwa wamepanga mstari mrefu wakitaniana kuhusu nani atavunja kamera kwa sura yake. Shirika la wanawake wa shazia lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwa hiyo liliitwa la kwanza. Frédéric alitaja jina la kwanza, Chadia akasogea. Akataja la pili. Chadia akasema hakuja. Kijana wa watu hakutaka kuendelea, lakini mwakilishi wa komite alikuwa ameketi kando yake, ikabidi asome. La tatu. La nne. Kila jina Chadia alijibu kwa sauti ileile, yuko Kigoma, yuko Kamanyola, sijui aliko. Kwa Feza alisema, marehemu. Wabeba mizigo walikuwa wameacha kutaniana.

Mwakilishi wa komite akatikisa kichwa. Frédéric alitazama karatasi zake kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili. Ndipo Sylvestre akatoka kwenye mstari.

"Listi yetu iko wazi mpaka saa sita," alisema. "Tumwandike mama."

"Inawezekana," Frédéric alisema, na akashukuru wazi kwamba kuna kitu kinachowezekana. "Ila mama, uko tayari kwenye hii. Hatuwezi kukuweka kwenye mbili, mashine itakukataa kote. Hili shirika lifungwe kwanza. Upige mstari kwenye kila jina, wewe mwenyewe uliyeandikisha, na useme limekwisha. Kisha utaingia kule."

Chadia alisikia maneno hayo, akayasikia mara ya pili kwa sauti ya Umutesi. Kidole kimoja hakikai mahali pawili. Hapo, mbele ya watu mia, ndipo alipomwelewa, na kumwelewa hakukumpunguzia kitu.

Angeweza kukataa. Watu walingoja wakidhani atakataa, maana wanamjua. Lakini nje ya lango kulikuwa na nini? Nyumba yenye sufuria tatu, na Idi bado miezi mitano. Akachukua kalamu.

Alianza na Feza, kwa sababu Feza hakuwa na la kusema. Akapiga Fadhila, akapiga wale wawili wa Mutarule, akapiga wa Kamanyola. Jina lake mwenyewe alilipiga bila kulitazama. La Umutesi alilifikia mwisho, akasimama, kalamu ikagusa karatasi na kuacha nukta nzito. Sylvestre aligeuka akatazama ziwa, na wabeba mizigo, watu wasio na adabu siku nyingine zote, wakageuka pamoja naye. Chadia akapiga mstari.

Akapigwa picha. Akaweka kidole gumba kwenye kioo. Kadi ilitoka na sura yake, na chini yake imeandikwa mbeba mizigo. Mmoja wao alimwambia mama, kesho tunakuwekea saruji mgongoni, na Chadia akatabasamu, maana kijana alikuwa anajaribu kumsaidia.

Wiki ya kwanza ya lango jipya iliingia boti ya unga. Gunia moja likapasuka ubavuni, na mwenye mali, mama mmoja wa Baraka, akaanza kupiga kelele kwamba wamelikwaruza kwenye chuma. Chadia akaitwa. Alipiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye mpasuko mpaka mwisho. Nyuzi zilikuwa imara, zimekatika ghafla, hata mtoto angejua limechanwa. Wabeba mizigo walisimama kumzunguka. Yule mama akauliza, basi sema, limekuwaje? Chadia akatia uzi kwenye shazia, akashona. Mwenye mali alimtazama, akaitazama kadi iliyoning'inia shingoni mwake, akanyamaza. Tangu siku hiyo hakuna anayemngoja aseme. Anaitwa, anashona, anaondoka.

Jumamosi mchana alimpigia Umutesi. Alikuwa amepanga maneno ya kumwomba radhi kwa kumkatia simu, lakini simu ilipopokelewa maneno hayo hayakutoka.

"Nimekufuta," alisema.

Umutesi alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Aksanti, da Chadia. Mungu akulipe. Sikulala tangu siku ile."

Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu na kucheka. Chadia alingoja. Hakuweza kujifichia alichokuwa anakingoja: kwamba Umutesi alie kidogo, au aseme ungesubiri, au amwulize basi nafasi yangu atakaa nani. Angeridhika na kimoja tu kati ya hivyo.

"Da Chadia," Umutesi akasema.

"Nakusikia."

"Ulipiga mustari muzuri? Jina haisomeki?"

"Haisomeki," Chadia akamwambia.